Majibu ya kingamwili za tezi ya thairoidi: namna ya kuyasoma hatua kwa hatua

Siku hizi majibu ya damu huingia kwenye simu kabla daktari hajayaona. Unafungua faili, unakuta mstari mmoja umekolezwa wino: Anti-TPO 412, pembeni herufi H kuonyesha kwamba iko juu. Hapo ndipo hofu inapoanza. Mmoja anakwambia una Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili huizima tezi polepole, mwingine anakuuzia unga wa kusafisha tezi, wa tatu anakukataza ngano maisha yako yote. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza TSH yako, homoni inayoihimiza tezi kufanya kazi, ni ngapi.

Shikilia jambo moja unaposoma mwongozo huu. Kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, hapa zile zinazoilenga tezi ya thairoidi iliyo shingoni, hueleza kwa nini tezi ina tatizo. Hazielezi unaumwa kiasi gani. Swali hilo la pili hujibiwa na TSH na FT4, homoni ya tezi yenyewe, na ndilo linaloamua kama unahitaji dawa.

Hatua ya 1: Jua ni kingamwili ipi iliyopimwa

Ukiambiwa "umepimwa kingamwili za thairoidi", uliza zipi, kwa maana ziko tatu na kazi zake ni tofauti.

Anti-TPO ndiyo inayopimwa zaidi. Inalenga peroksidesi ya thairoidi, kimeng'enya kinachoiwezesha tezi kutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni. Karatasi za zamani zinaiita kingamwili ya maikrosomu, ni ileile. Wagonjwa wa Hashimoto wapatao 90 hadi 95 kwa kila 100 wanayo. Ugonjwa huo umepewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa upasuaji wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Lakini wagonjwa wengi wa Graves, ugonjwa ulio kinyume chake, ambao tezi huzidisha homoni, wanayo pia, kiasi cha 70 hadi 80 kwa 100. Kwa hiyo Anti-TPO peke yake haiwezi kukwambia kama tezi yako inazidisha kazi au inazima.

Anti-Tg inalenga thairoglobulini, protini ambamo homoni hutengenezwa na kuhifadhiwa. Ndiyo iliyogunduliwa kwanza katika Hashimoto, London mwaka 1956, na Ivan Roitt, Deborah Doniach na Peter Campbell. Pamoja na heshima hiyo, kama Anti-TPO imeshatoka juu, Anti-Tg haiongezi mengi. Kazi yake kubwa leo ni kwa watu waliotibiwa saratani ya tezi. Wao hufuatiliwa kwa kupima thairoglobulini, na kingamwili hii inaweza kuifanya isomeke chini kuliko ilivyo na kuficha saratani inayorudi. Kama hupo kwenye kundi hilo na fedha ni za mfukoni, kipimo hiki ndicho cha kwanza kukiacha.

TRAb inalenga kipokezi cha TSH juu ya seli za tezi. Hii ndiyo chanzo chenyewe cha ugonjwa wa Graves: inakaa mahali pa TSH na kuiamuru tezi itoe homoni bila kikomo. Kwa mgonjwa wa Graves ambaye hajaanza dawa, vipimo vya kisasa huiona kwa zaidi ya 95 katika kila 100, na ni nadra kuiona kwa asiye na ugonjwa. Kwa hiyo katika zote tatu, TRAb ndiyo ninayoiamini zaidi. Ukikuta jina TSI, ni kipimo cha jamii hiyohiyo kinacholenga zile zinazochochea tu. TRAb ya kawaida huchanganya zinazochochea na zinazozuia, ndiyo maana mara chache hutoka juu hata kwa mtu ambaye tezi yake imelala.

Hatua ya 2: Funika mstari wa kingamwili, soma TSH kwanza

Sisemi kwa mfano. Weka kidole juu ya mstari ule. TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuihimiza tezi ya thairoidi. Tezi ikilegea, TSH hupanda. Ikizidisha, TSH hushuka hadi karibu sifuri. Maabara nyingi huweka kiwango cha mtu mzima asiye mjamzito kati ya 0.4 na 4.0 hivi. FT4 ni homoni yenyewe iliyo huru kwenye damu.

Chukua karatasi hii: mwanamke wa miaka 34, amechoka, nywele zinakatika. TSH 2.1, FT4 15 kwenye maabara ambayo kiwango chake ni 12 hadi 22, Anti-TPO 412. Tezi yake inafanya kazi sawasawa. Kinga yake imeanza kuishambulia, ndiyo, lakini uchovu alionao leo hautokani na upungufu wa homoni, kwa sababu homoni haijapungua. Wa kutafutwa sasa ni wengine: wingi wa damu na akiba ya madini chuma, sukari, ujauzito, usingizi, msongo. Inasikitisha kuona mama mwenye upungufu mkubwa wa damu akihangaikia "thairoidi" kwa miezi, huku kipimo cha damu ambacho kingempa jibu kipo kwenye zahanati ya jirani.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na hapa kingamwili ndizo mawingu: yapo yanayopita bila kunyesha. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa Marekani uliofanywa kati ya 1988 na 1994 ulikuta Anti-TPO kwa takribani mtu 1 kati ya 8, wanawake wakiwa karibu mara mbili ya wanaume, na wengi wao tezi zilikuwa nzima. Katika uchunguzi huohuo Wamarekani weusi walikuwa nazo kwa kiasi kidogo kuliko nusu ya weupe. Ukisoma mahali kwamba "asilimia fulani ya watu wana kingamwili hizi", uliza kwanza ni watu gani waliopimwa.

Kesho je? Watu wa Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walichunguzwa miaka ya 1970 na kufuatiliwa kwa miaka 20. Wanawake waliokuwa na kingamwili tu, TSH ikiwa ya kawaida, waliingia kwenye upungufu wa homoni kwa kasi ya takribani 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Waliokuwa na kingamwili na TSH iliyopanda kwa pamoja, kasi ilikuwa zaidi ya 4 kwa 100 kwa mwaka. Mama wa karatasi ile anahitaji TSH mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi akishika mimba au dalili zikibadilika. Dawa hahitaji.

Hatua ya 3: Soma namba kwa ukomo wa maabara yako

Namba ya Anti-TPO haina maana bila ukomo ulioandikwa kando yake. Mashine moja inayotumika sana ina ukomo wa 34. Nyingine, inayotumika sana vilevile, ina ukomo wa takribani 5.6. Damu iliyosomeka 20 ni hasi kwa kanuni ya mashine ya kwanza na chanya kwa ya pili, ingawa zote zimeandika kipimo kilekile, IU/mL. Basi usilinganishe namba ya Mombasa na ya Dar es Salaam, wala ya mwaka jana na ya mwaka huu kama umebadilisha maabara. Ukiweza, baki na maabara moja, na uhifadhi karatasi nzima yenye viwango vya rejea. Ujumbe wa simu uliotaja namba tupu hautoshi.

Kwa Anti-TPO, namba iliyozidi ukomo kidogo sana isikupe uhakika. Iliyozidi mara nyingi inatia nguvu wazo la Hashimoto. Lakini 1,300 haimaanishi kwamba unaumwa mara tatu ya mwenye 430. Hapo ndipo wengi wanapojitesa bure.

Hatua ya 4: Linganisha kipimo na swali

TSH ikiwa juu na FT4 chini, tiba ni levothairoksini, yaani homoni ya tezi kwa vidonge, hata kabla kingamwili hazijapimwa. Mtu mwenye TSH 38 na FT4 6 asisubiri fedha za Anti-TPO ndipo aanze dawa. Kipimo kitasaidia kutaja chanzo, nacho kinatosha kufanywa mara moja.

TSH ikiwa imepanda kidogo, tuseme 6 au 7, na FT4 ya kawaida, rudia TSH baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa maradhi ya muda huipandisha kisha ikashuka yenyewe. Ikibaki juu, hapa Anti-TPO ina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote: ikiwa chanya, uwezekano wa kuendelea kupanda ni mkubwa, na ufuatiliaji unapaswa kuwa wa karibu.

TSH ikiwa karibu sifuri na FT4 juu, kipimo cha kuomba ni TRAb. Maabara nyingi kwetu hazina mashine yake na hutuma sampuli nje, kwa hiyo ni ghali na huchelewa. Watu huamua kupima Anti-TPO badala yake kwa kuwa ipo, halafu wanabaki na jibu lisilojibu kitu. Kama macho yametokeza, tezi imevimba pande zote na mapigo yanakimbia, daktari anaweza kuitambua Graves kwa macho na mikono yake, na fedha za TRAb zikaenda kwenye dawa. Ila kama picha haieleweki, ilipie TRAb, na damu itolewe kabla ya kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, au mapema mara baada ya kuanza, kwa kuwa ukitumia dawa hiyo kwa miezi kingamwili hushuka na ushahidi hufifia.

Kuna hali moja ambapo kipimo hiki humwokoa mtu na tiba isiyo yake. Mama amejifungua miezi minne iliyopita. Moyo unamwenda mbio, anatetemeka mikono, amepungua uzito. TSH chini ya 0.01, FT4 32, Anti-TPO chanya, TRAb hasi. Hii kwa kawaida ni thairoiditisi ya baada ya uzazi: tezi imejeruhiwa na homoni iliyokuwa ghalani inavuja. Kabimazoli huzuia kutengeneza homoni mpya, haizuii inayovuja, kwa hiyo haitamsaidia. Anachohitaji ni dawa ya kutuliza mapigo, mara nyingi propranololi kwa maelekezo ya daktari, na TSH na FT4 kurudiwa baada ya wiki nne hadi sita. Mara nyingi TSH hugeuka na kupanda miezi inayofuata, mama akawa mzito, mwenye huzuni na kusikia baridi, akaambiwa ni uchovu wa kulea. Kila mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja na akawa na huzuni isiyoondoka anastahili kupimwa TSH.

Na goita? Uvimbe wa shingo, wengine husema rovu, haumaanishi Hashimoto moja kwa moja. Sehemu za milimani Afrika Mashariki upungufu wa madini joto umesababisha goita nyingi, na vinundu ni sababu nyingine ya kawaida. Kinundu kinachopapaswa kinahitaji ultrasaundi, hata kama kingamwili zimetoka chanya.

Kingamwili zikitoka hasi huku TSH ikiwa 62, usiseme mashine imekosea. Wagonjwa wachache wa Hashimoto hawaonyeshi kingamwili kwenye damu kabisa, na ultrasaundi inaweza kuonyesha tezi nyeusi yenye mabaka. Kabla ya hapo ulizia mambo mengine yanayozima tezi: upasuaji wa shingo, matibabu ya iodini ya mionzi, lithiamu kwa wagonjwa wa akili, amiodaroni kwa wagonjwa wa moyo. Tiba ya upungufu ni ileile.

Hatua ya 5: Ondoa vinavyoidanganya mashine

Hapa naomba usome polepole. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa maduka ya vipodozi na mitandaoni vina bayotini, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge, wakati mtu mzima anahitaji karibu 30 tu kwa siku. Bayotini yenyewe haimdhuru mtu. Tatizo liko maabara: mashine nyingi hutumia bayotini kama kishikio cha kunasa kile kinachopimwa. Damu ikijaa bayotini, vishikio vya mashine vinazibwa. Kwa namna mashine hizo zilivyoundwa, TSH husomeka chini kuliko ilivyo, FT4 husomeka juu, na TRAb nayo husomeka juu.

Tazama kilichotokea: TSH chini, FT4 juu, TRAb chanya. Ni picha kamili ya Graves kwa mtu ambaye tezi yake haina neno. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu bayotini mwaka 2017. Acha vidonge hivyo angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Kama dozi ni kubwa kuliko hizo, muulize daktari siku za kuongeza. Na mtaje mtoa huduma kila kidonge, hata kile unachokiona ni cha urembo. Ukipata majibu ya Graves na mwenyewe hujisikii vibaya hata kidogo, usimeze kabimazoli hadi vipimo virudiwe.

Kufunga kula si lazima kwa kingamwili. Kama tayari unatumia levothairoksini, toa damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, hasa FT4 inapopimwa. Ukiwa umelazwa kwa ugonjwa mkali, TSH hupotoka, na ni bora kusubiri upone isipokuwa daktari anashuku tezi yenyewe. Matibabu ya iodini ya mionzi huipandisha TRAb kwa miezi, kwa hiyo namba kubwa baada yake haimaanishi tiba imeshindwa.

Hatua ya 6: Ujauzito una kanuni zake

Mimba changa hushusha TSH kwa kawaida, kwa sababu homoni ya mimba inafanana nayo na huichochea tezi kidogo. Mama anayetapika sana wiki ya 10 na TSH yake iko 0.05 si lazima awe na Graves. TRAb hasi, bila goita wala macho kutokeza, hutia moyo kwamba ni mimba yenyewe na itapita.

Mama mwenye Anti-TPO na TSH ya kawaida apimwe TSH mara tu anapojua ni mjamzito, kisha kila wiki nne hivi hadi katikati ya mimba, kwa kuwa tezi yake inaweza kushindwa kukidhi mahitaji yaliyoongezeka. Baada ya kujifungua yuko kwenye hatari kubwa ya thairoiditisi niliyoieleza. Wengi walioharibikiwa mimba wameandikiwa levothairoksini kwa sababu ya kingamwili peke yake. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao TABLET, uliotoka 2019, ulikuta kwamba dawa hiyo haikuongeza idadi ya watoto waliozaliwa hai kwa wanawake wenye TSH ya kawaida. Ni habari nzito kwa anayetafuta sababu ya kupoteza mimba, lakini ni afadhali aijue ili uchunguzi usiishie hapo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hili: mama aliyewahi kutibiwa Graves kwa upasuaji au iodini ya mionzi, hata kama sasa anameza levothairoksini na TSH yake ni nzuri, bado anaweza kubeba TRAb, nayo huvuka kondo la nyuma na kuichochea tezi ya mtoto. Apimwe TRAb mapema katika mimba. Ikiwa juu, irudiwe wiki ya 18 hadi 22, na tena karibu wiki ya 30. Ikizidi mara tatu ya ukomo wa maabara, mtoto anahitaji kuangaliwa kwa karibu tumboni na siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki inaweza isiwe na mahali pa kuuliza "uliwahi kuugua tezi?", kwa hiyo mama mwenyewe aseme, hata kama ni miaka 15 iliyopita.

Hatua ya 7: Amua kama kuna haja ya kurudia

Anti-TPO ikishatoka chanya, usiirudie. Inapanda na kushuka yenyewe, na dozi ya levothairoksini hupangwa kwa TSH, inayopimwa wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Wauzaji wa virutubisho hupenda irudiwe ili waonyeshe namba imeshuka. Seleniamu inaweza kuishusha namba hiyo, ila haijathibitishwa kwamba inaokoa tezi. Ngano iache kama una ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huumiza utumbo, uliothibitishwa. Jihadhari zaidi na virutubisho vya mwani: kiasi cha iodini hubadilika kutoka chupa hadi chupa, na iodini nyingi inaweza kuizima tezi ambayo tayari inashambuliwa.

TRAb ina sababu ya kurudiwa: mgonjwa wa Graves anapokaribia kumaliza kabimazoli, kwa kawaida baada ya miezi 12 hadi 18. Ikiwa imeshuka hadi kawaida, nafasi ya kukaa bila ugonjwa ni nzuri zaidi. Ikiwa bado juu, kuacha dawa mara nyingi hufuatwa na ugonjwa kurudi, na ndio wakati wa kuzungumzia kuendelea na dozi ndogo, iodini ya mionzi au upasuaji. TRAb iliyo juu sana huambatana pia na hatari kubwa ya ugonjwa wa macho, na sigara huuzidisha.

Ukienda kliniki beba karatasi zote za nyuma kwa mpangilio wa tarehe, na vidonge vyote unavyotumia, na vifungashio vyake. Muulize daktari: TSH na FT4 zangu zinasema nini leo? Kingamwili hii inabadilisha tiba yangu, au ufuatiliaji tu? Nirudi lini, na kipimo gani? Na kama umeanzishiwa kabimazoli kwa majibu haya, ukipata homa au koo kuuma ghafla, acha dawa na upimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na hospitali iko mbali, kwa sababu dawa hii mara chache huzimaliza chembe hizo na maambukizi hayasubiri asubuhi.